Kipyenga cha NBA: Upendeleo Upo, Ila Si Ule Tunaoulalamikia

Kila msimu wa mchujo wa NBA unapofika, mazungumzo ya mashabiki wa mpira wa kikapu huku kwetu huishia mahali pamoja. Mchezo unaanza saa nane na nusu au saa tisa na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, watu wanakesha, na alfajiri timu iliyofungwa inapoondoka uwanjani makundi ya WhatsApp yanajaa kauli zile zile: fulani wamebebwa, waamuzi wamenunuliwa, ligi ilikwishaamua nani acheze fainali. Naupenda mchezo huu kiasi kwamba siwezi kuyapuuza madai hayo, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuyameza bila kutafuna. Baada ya kufuatilia suala hili kwa miaka mingi, msimamo wangu ni kwamba upendeleo wa waamuzi ni jambo la kweli, watafiti wameupima na mwelekeo wake unajulikana. Hata hivyo, hakuna ushahidi uliowahi kutolewa mahakamani au kwingineko kuonyesha kwamba ofisi ya ligi ndiyo inayoandika matokeo. Na kila mara upendeleo au udanganyifu ulipopungua katika historia ya ligi hii, ulipungua kwa sababu kitu kilichokuwa kimefichwa kiliwekwa hadharani.

Anayeamini kwamba michezo hupangwa ana mfano mmoja mkubwa, nao ni mchezo wa sita wa fainali ya Kanda ya Magharibi kati ya Los Angeles Lakers na Sacramento Kings, uliochezwa Los Angeles tarehe 31 Mei 2002. Kings walikuwa mbele kwa michezo 3 kwa 2, hivyo ushindi mmoja tu ungewapeleka fainali. Katika robo ya nne peke yake Lakers walipewa mitupo huru 27, na katika mchezo mzima walipewa 40 dhidi ya 25 ya Kings. Vlade Divac na Scot Pollard, majitu mawili yaliyokuwa na kazi ya kumzuia Shaquille O'Neal, wote walitolewa kwa kufikisha faulo sita. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde chache na Lakers wakiongoza kwa pointi moja, Kobe Bryant alijinasua ili apokee mpira uliokuwa ukirushwa kutoka pembeni, na katika kujinasua huko kiwiko chake kikampiga Mike Bibby puani. Bibby alianguka akavuja damu. Bryant hakupulizwa faulo. Lakers walishinda 106 kwa 102, wakaenda Sacramento wakashinda mchezo wa saba, na hatimaye wakatwaa ubingwa. Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji aliyewahi kugombea urais wa Marekani, alimwandikia Kamishna David Stern akidai uchunguzi ufanyike.

Nimeutazama mchezo huo tena na tena, na sina namna ya kuutetea uamuzi wake. Ni kweli kwamba O'Neal, aliyefunga pointi 41 siku hiyo, alikuwa akikumbatiwa na kusukumwa kila alipopokea mpira, na baadhi ya faulo zilizopulizwa zilikuwa halali kabisa. Lakini zipo ambazo hata ukiirudisha picha polepole huoni mkono uliogusa mwili wa mtu. Mashabiki wa Sacramento wana kila haki ya kuuma meno hadi leo.

Tatizo ni kwamba mfululizo ule ulikuwa na michezo saba, nasi tumechagua kukumbuka mmoja. Katika mchezo wa nne, Samaki Walker wa Lakers alirusha mpira kutoka mbali mwishoni mwa kipindi cha kwanza, nao ulitoka mkononi mwake baada ya muda kwisha, lakini waamuzi wakahesabu pointi tatu. Lakers walishinda kwa pointi moja, 100 kwa 99. Hapo waamuzi waliikosea Kings, tena vibaya. Lakini katika mchezo wa tano, sekunde chache kabla ya Bibby kutupia mpira ulioipa Kings ushindi wa 92 kwa 91, mpira ulitoka nje, na Kings wakaachiwa waurushe wao ingawa picha zilionyesha kwamba mtu wa mwisho kuugusa alikuwa Chris Webber wa Kings. Kosa hilo liliiumiza Lakers. Na katika mchezo wa saba, wakiwa nyumbani kwao mbele ya mashabiki wao, Kings walikosa mitupo huru 14 kati ya 30 waliyopewa, wakafungwa katika muda wa nyongeza. Mtupo huru mtu huutupa peke yake, hakuna anayemzuia, na hakuna mwamuzi anayeweza kumfanya akose. Nikizitazama siku hizo saba kwa pamoja, naona waamuzi waliozidiwa na ukubwa wa jambo lililokuwa mbele yao. Mkono wa mtu aliyekuwa na mpango sijauona.

Makosa hayo yalizaa kitu kimoja cha manufaa. Msimu uliofuata, NBA ilianza kutumia marudio ya video kukagua mipira inayotupwa wakati muda unakwisha, na mtupo wa Walker ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Miaka mitano baadaye wenye shaka walipata hoja nzito kuliko zote. Tim Donaghy, aliyekuwa mwamuzi wa NBA kwa misimu 13, alijiuzulu Julai 2007, na mwezi uliofuata akakiri mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Brooklyn makosa mawili yanayohusiana na kamari. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Watu wengi wanalijua jina lake, lakini ni wachache wanaojua hasa alichokuwa akikiuza. Donaghy alikuwa akiwapa washirika wake utabiri wa mshindi, ukiwamo wa michezo aliyoichezesha mwenyewe, na utabiri ulipotimia alilipwa hadi dola 5,000. Alijua mambo ambayo mtu wa kawaida hakuyajua: ni waamuzi gani wamepangiwa mchezo gani, maana wakati huo ligi iliyafanya majina hayo kuwa siri, mwamuzi gani haelewani na kocha gani, mchezaji gani ana maumivu ambayo hayajatangazwa.

Je, alipuliza kipyenga kwa makusudi ili utabiri wake utimie? Wapelelezi wa FBI hawakuthibitisha hivyo. Lawrence Pedowitz, mwendesha mashtaka wa zamani aliyeajiriwa na ligi kuchunguza, alitoa ripoti Oktoba 2008 iliyosema kwamba hakuona ushahidi wa Donaghy kupindisha maamuzi wala wa mwamuzi mwingine kushiriki katika njama hiyo. Mwaka 2019 waandishi wa ESPN walilipitia upya jambo hilo wakafikia hitimisho tofauti, kwamba alipindisha. Binafsi naona vigumu kuamini kwamba mtu mwenye fedha katika mchezo, kipyenga kikiwa mdomoni mwake, aliweza kuamua kana kwamba fedha hizo hazipo, hata kama hakuna aliyeweza kuonyesha uamuzi mmoja na kusema ndio huu. Donaghy huyo huyo, kupitia wakili wake, alidai mwaka 2008 kwamba mchezo wa sita wa 2002 ulipindishwa na waamuzi wawili waliotaka mfululizo ufike mchezo wa saba. Stern alikanusha, na hakuna mwamuzi mwingine aliyeshtakiwa. Huu ni ushahidi wa mtu aliyekuwa akisubiri hukumu na mwenye kila sababu ya kutaka kuonekana kwamba hakuwa peke yake. Siutupi, lakini siwezi kujenga nyumba juu yake.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni lile lililogundulika pembeni. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2007, zaidi ya nusu ya waamuzi wa ligi walikiri kwamba wamewahi kucheza kamari kwenye kasino, ingawa mikataba yao iliwakataza. Ligi haikuwaadhibu, ililegeza kanuni. Hata hivyo ilifanya pia jambo moja rahisi na la busara: ilianza kutangaza majina ya waamuzi asubuhi ya siku ya mchezo. Bidhaa mojawapo iliyompa Donaghy thamani mbele ya wacheza kamari ikawa habari ya bure ambayo kila mtu anaisoma. Mara nyingi nafikiri kwamba hatua hiyo ndogo ilikuwa na uzito kuliko kurasa nyingi za ripoti ile.

Wanaosema kwamba ligi hupanga bingwa kwa ajili ya fedha za televisheni wanapaswa kueleza mambo machache. New York ndiyo soko kubwa kuliko yote Marekani, lakini Knicks, waliotwaa ubingwa mwaka 1973, walipitisha zaidi ya miaka 50 bila kuuona tena. San Antonio, mji usio na mvuto wowote kwa wauza matangazo, ulitwaa ubingwa mara tano kati ya 1999 na 2014. Fainali ya 2025 ilikuwa kati ya Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, timu mbili za masoko madogo. Kama kuna mtu ofisini anayeandika matokeo, anaiandikia ligi hasara.

Sasa nije kwenye upendeleo wenyewe, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba malalamiko yote ni kilio cha mfa maji. Watafiti Joseph Price, Marc Remer na Daniel Stone walitafuta njia ya kuupima bila kutegemea hisia za shabiki. Waligawanya namna ambavyo timu hupoteza mpira katika mafungu mawili. La kwanza ni lile ambalo mwamuzi hahusiki nalo sana, kama pasi mbovu inayodakwa na mpinzani. La pili ni lile linalotegemea jicho na kipyenga chake, kama kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji. Kama mwamuzi hana upande, mafungu hayo mawili yanatakiwa kupanda na kushuka kwa mtindo unaofanana. Walichokiona katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ni kwamba fungu la pili linainama kuelekea pande tatu: timu ya nyumbani, timu iliyo nyuma kwa pointi mchezo ukiendelea, na timu iliyo nyuma katika mfululizo wa mchujo.

Nawasihi wasomaji wasipite haraka hapo. Pande zote tatu zinainufaisha ligi, kwa kuwa mashabiki walionunua tiketi wanafurahi, mchezo unabaki wa kusisimua, na mfululizo unarefuka. Mtu anaweza kusema basi ndiyo hiyo njama yenyewe. Mimi sioni hivyo, kwa sababu mwelekeo huo haumchagui Lakers wala mtu mwingine. Unamsaidia yeyote aliye nyumbani na yeyote anayezidiwa, wiki hii wewe na wiki ijayo mpinzani wako. Inatosha kuwa na binadamu aliyesimama katikati ya watu 18,000 wanaopiga kelele, anayetakiwa kuamua ndani ya nusu sekunde kama kifua kiligongwa au kiligonga, na ambaye hapendi kuonekana kuwa ndiye aliyeuua mchezo. Hata hivyo, asili yake kuwa ya kibinadamu haiuondolei uzito. Ligi inayofaidika na udhaifu fulani haina haraka ya kuutibu, na hilo ni kosa hata kama hakuna aliyeliamuru.

Utafiti mwingine ulizua kelele kubwa zaidi. Price na Justin Wolfers walichunguza misimu 13, kuanzia 1991 hadi 2004, wakaona kwamba mchezaji alipata hadi asilimia 4 ya faulo chache zaidi pale waamuzi walipokuwa wa rangi yake. Matokeo hayo yalipoandikwa magazetini Mei 2007, ligi iliyakataa na kusema kwamba takwimu zake yenyewe zinaonyesha vingine. Lakini kilichotokea baadaye ndicho kinachonivutia. Price na Wolfers, safari hii wakiwa na Devin Pope, waliichunguza miaka iliyofuata habari hiyo kuvuma, 2007 hadi 2010, na upendeleo ule wa rangi haukuonekana tena. Waamuzi hawakupewa mafunzo maalumu kwa ajili hiyo wala hawakubadilishiwa malipo. Kwa maoni ya watafiti hao, kule kujua tu kwamba jambo hilo limeonekana na kwamba watu wanalitazama kulitosha.

Ndiyo maana tukio la tarehe 28 Januari 2023 mjini Boston limebaki akilini mwangu. Lakers na Celtics walikuwa sare 105 kwa 105, LeBron James akaingia hadi chini ya kikapu sekunde za mwisho, na Jayson Tatum akampiga mkononi wakati anatupia. Kipyenga hakikulia. James alipiga magoti sakafuni akiwa ameshika kichwa. Patrick Beverley alichukua kamera ya mpiga picha aliyekuwa pembeni, akaipeleka kwa mwamuzi na kumwonyesha picha ya mkono uligusa wapi, naye akaadhibiwa kwa faulo ya kiufundi. Celtics walishinda 125 kwa 121 katika muda wa nyongeza. Waamuzi walikiri baadaye kwamba walikosea. Anayesema kwamba ligi huibeba Lakers na LeBron, mchezaji anayeuza jezi na kujaza viwanja popote aendapo, ana kazi ya kueleza usiku ule. Mimi linalonisumbua ni lingine: kila mtu aliyekuwa na simu Dar es Salaam au Mombasa aliiona ile faulo ndani ya dakika moja, isipokuwa watu watatu waliokuwa na mamlaka ya kuipuliza. Teknolojia ya kuwaonyesha ilikuwepo ndani ya jengo, lakini kanuni hazikuwaruhusu kuitumia kwa faulo ambayo haikupulizwa kabisa.

Tangu Machi 2015 NBA imekuwa ikitoa ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa michezo iliyokwenda bega kwa bega, ikieleza uamuzi kwa uamuzi kipi kilikuwa sahihi na kipi hakikuwa. Chama cha waamuzi hakiipendi, kwa madai kwamba inawadhalilisha bila kubadilisha matokeo. Naelewa uchungu wao, maana hakuna kazi nyingine ambayo makosa yako hutangazwa dunia nzima kesho yake. Lakini mimi nataka ripoti hiyo ihusu dakika zote 48. Katika mchezo ule wa 2002, malalamiko makubwa yalihusu robo nzima, na faulo inayomtoa mchezaji muhimu katika robo ya tatu huamua mchezo sawasawa na ile ya sekunde ya mwisho. Ligi ina wakaguzi wanaoyapitia maamuzi ya kila mchezo kwa ajili ya kuwapima waamuzi na kuchagua watakaochezesha mchujo. Takwimu hizo zipo. Zimefungiwa tu kabatini.

Na wakati sisi tunamwangalia mwamuzi, udanganyifu umebisha hodi kupitia mlango mwingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa sheria iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha ubashiri wa michezo, na leo mtu anaweza kubashiri kama mchezaji wa akiba atafunga zaidi au chini ya idadi fulani ya pointi. Huku kwetu pia michezo ya NBA imejaa kwenye programu za kubashiri, na vijana wanaoweka mikeka ya usiku wanajua majina ya wachezaji ambao hata mashabiki wa miji yao hawawajui vizuri. Jontay Porter wa Toronto Raptors alikuwa mchezaji wa namna hiyo. Tarehe 20 Machi 2024 alicheza takriban dakika tatu dhidi ya Sacramento, akasema anaumwa, akatoka. Kuna mtu aliyekuwa ameweka mkeka wa dola 80,000 kwamba takwimu za Porter zitakuwa chini, mkeka ambao ungelipa zaidi ya dola milioni 1. Kampuni ya ubashiri ilitilia shaka ikazuia malipo. Mwezi uliofuata Porter alifungiwa maisha, na Julai akakiri kosa mahakamani.

Hakuna shabiki aliyelalamika usiku ule. Matokeo ya mchezo hayakupinduka, hakuna faulo iliyozua mjadala, na mchezaji aliyeumwa ni jambo la kila siku. Udanganyifu wa kweli, ulipothibitishwa, haukufanana hata kidogo na ule tunaoupigia kelele alfajiri. Baada ya hapo NBA ilielewana na kampuni washirika ziache kupokea ubashiri wa "chini" kwa wachezaji wa mikataba midogo, walio rahisi zaidi kushawishiwa kwa sababu mishahara yao si ya mamilioni.

Kisha Oktoba 2025 ikaja habari ya Terry Rozier, anayedaiwa kwamba, alipokuwa mchezaji wa Charlotte Hornets, alitoa habari kabla ya mchezo dhidi ya New Orleans mnamo Machi 2023 kwamba angetoka uwanjani mapema, ili watu wabashiri kwa kuitumia. Amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Linalonitia wasiwasi ni kwamba ligi ilikuwa imeuchunguza mchezo huo huo hapo awali kwa sababu ubashiri wake ulionekana si wa kawaida, na ikasema haikuona kosa. Haikuwa na uwezo wa kisheria wa kudai simu za watu wala akaunti zao za benki. Ilifanya ilichoweza, kama Pedowitz alivyofanya mwaka 2008 akiwa ameajiriwa na ligi ile ile aliyokuwa akiichunguza.

Ninachokitaka, kama shabiki ninayekesha kwa ajili ya mchezo huu, ni chombo cha uchunguzi kisicholipwa wala kuteuliwa na NBA, chenye haki ya kuona takwimu zote za waamuzi na taarifa zote za mikeka yenye shaka, na kinachochapisha kinachokiona kila mwisho wa msimu bila kuomba ruhusa ya Kamishna. Kazi yake ya kwanza iwe kulifungua lile kabati la tathmini za waamuzi, kwa msimu mzima na kwa kila mwamuzi kwa jina lake.